Bima ya safari na mlipuko wa ugonjwa ugenini: tathmini ya mkataba tuliokwenda nao Foshan

Wafanyabiashara wengi wa Kariakoo wanaofuata mzigo China hukata bima ya safari kwa sababu wakala wa viza amewaambia wakate, na karatasi yenyewe huishia kwenye bahasha ya pasipoti bila kusomwa. Mkataba ninaoutathmini hapa ni wa namna hiyo. Unauzwa na kampuni moja ya bima ya Dar es Salaam, kupitia mawakala na kwa njia ya simu, kwa safari za Asia, na ukomo wake wa matibabu ni dola 50,000 kwa kila msafiri. Nimeusoma wote, na mwezi Agosti 2025 tulilazimika kuutumia, mimi na mama yangu mdogo, katika mji wa Foshan, wakati chikungunya ilipokuwa imepamba moto mkoani Guangdong. Swali ninalotaka kulijibu ni moja tu: mtu akiugua ugenini katikati ya mlipuko wa ugonjwa, bima hii inamlipia au haimlipii?

Inamlipia matibabu, lakini kwa masharti yaliyoandikwa mahali ambapo msomaji wa kawaida hafiki, na haimlipii sehemu kubwa ya gharama ambazo mlipuko wenyewe huzileta.

Ukifungua jedwali la mafao hutaona neno lolote kuhusu milipuko. Utaona matibabu ya dharura, kusafirishwa kwa mgonjwa, kurejeshwa kwa maiti, kuahirishwa kwa safari na mizigo iliyopotea, kila kimoja na kiasi chake. Habari ya milipuko imo nyuma kabisa, katika sura ya mambo yasiyolipiwa, baada ya vita, michezo ya hatari na ulevi. Hapo kampuni inasema kwamba haitawajibika kwa hasara yoyote itokanayo na ugonjwa wa mlipuko uliotangazwa na Shirika la Afya Duniani au na mamlaka ya nchi anayokwenda msafiri, endapo tangazo hilo lilitolewa kabla ya siku ya kununua bima. Sentensi hiyo moja ndiyo inayoamua karibu kila kitu, na inastahili kusomwa polepole.

Chanzo cha masharti ya aina hii si siri. Tarehe 30 Januari 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza virusi vipya vya korona kuwa dharura ya afya ya umma ya kimataifa, na tarehe 11 Machi likauita ugonjwa huo janga la dunia. Kampuni nyingi za bima zilichagua tarehe katika kipindi hicho na kusema kwamba aliyenunua bima baada yake alikwisha kujua hatari iliyopo, kwa hiyo hakuwa na haki ya kudai. Mantiki yao naielewa, maana hakuna anayekubali kukatia bima nyumba ambayo tayari inaungua. Ninachokilalamikia ni kwamba mkataba huu haumwambii mnunuzi ni magonjwa gani ambayo siku hiyo anayoulipia yamekwisha kutangazwa, ilhali kampuni inayajua na ingeweza kuyaorodhesha kwenye ukurasa wa kwanza kwa mistari miwili.

Tazama jinsi sharti hilo lilivyofanya kazi mwezi tuliosafiri. Ugonjwa wa mpox ulikuwa chini ya tangazo la dharura la Shirika la Afya Duniani tangu tarehe 14 Agosti 2024, na tangazo hilo liliondolewa tarehe 5 Septemba 2025. Chikungunya haikutangazwa hivyo kamwe, ingawa kufikia mwanzoni mwa Agosti wagonjwa katika mji wa Foshan walikuwa wamepita 7,000 na Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani kilikuwa kimewapa wasafiri wake tahadhari ya daraja la pili kuhusu mkoa huo. Kwa hiyo msafiri aliyekata bima hii Julai, akashikwa na mpox, angeambiwa kwamba hana dai, hata kama mahali alipokwenda hapakuwa na mgonjwa mwingine hata mmoja, na mwenzake aliyeingia moja kwa moja katikati ya mlipuko wa chikungunya angeweza kulipwa. Ukubwa wa hatari haukuwa kipimo. Kipimo kilikuwa tangazo na tarehe yake.

Sisi tulikata bima mwishoni mwa Julai, wakati habari za Foshan zilikuwa zimeanza kusikika lakini vigae na samani tulivyoagiza vilikuwa vimekwisha kulipiwa malipo ya awali. Mama mdogo alianza kwa homa kali na maumivu ya viungo yaliyomfanya ashindwe hata kushika kikombe, na daktari hakuhitaji muda mrefu kufahamu kilichomsibu. Ugonjwa wenyewe si mgeni kwetu: ulitambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1952 katika uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanganyika, na huenezwa na mbu wa aina ya Aedes, ambao huuma mchana. Hauna dawa maalumu ya kuua virusi. Mgonjwa hupewa maji ya kutosha na dawa za kutuliza homa na maumivu, huku hali yake ikiangaliwa. Jambo hili lina uzito katika hesabu za bima kuliko linavyoonekana, kwa sababu maana yake ni kwamba dawa ni nafuu na kinachogharimu ni kitanda.

Hospitali ilitaka amana kabla ya kumlaza, kama ilivyo kawaida katika hospitali za China. Namba ya msaada iliyochapwa kwenye kadi ya bima ilipokelewa upesi, usiku, na aliyepokea alizungumza Kiingereza vizuri na kwa upole. Hapo naipa kampuni sifa yake bila kinyongo. Barua ya dhamana ya malipo, hata hivyo, haikufika hadi jioni ya siku iliyofuata, na amana ilibidi tuitoe sisi wenyewe kutoka kwenye fedha za mzigo. Msafiri asiye na akiba mkononi angefanya nini usiku ule, mkataba hausemi.

Asubuhi alipiga simu ofisa wa madai kutoka Dar es Salaam. Aliuliza kwanza kuhusu kisukari.

“Mama, pole sana. Hiyo sukari yako ilikuwa imepanda kabla ya homa, au baada?”

Mama mdogo alimjibu kwamba sukari yake ilikuwa sawa mpaka homa ilipoanza, na daftari lake la vipimo lilithibitisha hivyo. Swali lile halikuwa la salamu. Mkataba haulipii ugonjwa ambao msafiri alikuwa nao kabla ya safari, na katika milipuko wengi wanaolazwa ni watu wazima wenye kisukari, shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo, kwa kuwa ndio wanaozidiwa. Ukiachia sharti hilo lifasiriwe kwa upana, wale wanaoihitaji bima kuliko wengine wote watakuwa ndio wa kwanza kukataliwa. Kilichotuokoa ni daftari lile, pamoja na cheti cha daktari wa hospitali kilichotaja chikungunya kuwa sababu ya kulazwa. Kila msafiri mwenye ugonjwa wa kudumu asafiri na rekodi ya vipimo vyake vya karibuni.

Hoja ya pili ya kampuni ilikuwa lile sharti la tangazo. Ofisa alisema kwamba mamlaka za afya zilikwisha kutangaza mlipuko kabla hatujanunua bima. Nilimjibu kwa barua pepe kwamba mkataba unataja mamlaka ya nchi, na matangazo aliyonionyesha yalikuwa ya mji na ya mkoa, na kwamba kanuni ya siku nyingi katika sheria za bima ni kwamba maneno yenye utata hufasiriwa dhidi ya aliyeyaandika. Baada ya majadiliano yaliyochukua muda kuliko ilivyostahili, kampuni ilikubali kulipia matibabu. Nilifurahi, lakini siwezi kumwambia msomaji kwamba atapata matokeo hayohayo, kwa sababu sentensi ileile katika mikono ya ofisa mwingine inaweza kusomwa vingine. Mkataba mzuri hauachi jambo kubwa kama hili litegemee nani amepokea faili.

Kisha likaja suala la kutengwa, na hapa ndipo bima hii ilipoonyesha udhaifu wake mkubwa. Utaratibu wa Foshan wakati ule ulikuwa kwamba mgonjwa alazwe ndani ya chandarua, asitoke mpaka vipimo vioneshe kwamba hana virusi tena au mpaka itimie wiki moja, ili mbu wasichukue virusi kutoka kwake na kuwapelekea wengine. Kwa afya ya umma ulikuwa utaratibu wenye maana. Kwa bima ulikuwa shimo. Homa ya mama mdogo ilishuka mapema, na tangu siku iliposhuka kampuni ilihesabu kwamba hakulazwa tena kwa sababu ya tiba, alilazwa kwa amri ya serikali, na amri ya serikali imo pia katika orodha ya mambo yasiyolipiwa. Siku zile za kitanda tulizilipa wenyewe. Hoteli yangu wakati wa kumsubiri na tofauti ya nauli baada ya kubadili tiketi navyo havikulipwa, kwa kuwa fao la kuahirishwa kwa safari linamhusu mgonjwa mwenyewe na ndugu aliyetajwa katika bima hiyohiyo, na wakala alikuwa ametukatia bima mbili tofauti. Watu wanaosafiri pamoja waombe waandikwe katika mkataba mmoja.

Suala la kutengwa lina uzito zaidi katika magonjwa makali. Rwanda ilitangaza mlipuko wa Marburg tarehe 27 Septemba 2024 na kutangaza mwisho wake tarehe 20 Desemba, baada ya wagonjwa 66 na vifo 15. Mtu aliyekutana na mgonjwa wa Marburg hufuatiliwa kwa siku 21, na katika siku hizo hatakiwi kusafiri nje ya nchi, hata kama ni mzima kabisa. Mkataba huu hujiongeza wenyewe ikiwa msafiri amelazwa hospitalini siku ambayo bima yake inakwisha. Haujiongezi kwa aliyewekwa karantini akiwa hana dalili. Mfanyabiashara aliyekwenda Kigali na bima ya siku 7 angejikuta ametengwa kwa wiki mbili zaidi bila bima yoyote, katika kipindi ambacho huenda dalili zikajitokeza. Fao la kusafirishwa kwa ndege nalo lisimdanganye mtu: wakati wa Ebola ya Afrika Magharibi mwaka 2014, ndege zilizokuwa na chumba cha kumtenga mgonjwa wa aina hiyo zilikuwa chache mno duniani, na kiasi cha fedha kilichoandikwa kwenye jedwali hakiwezi kuleta ndege ambayo haipo.

Kwa anayetaka kuahirisha safari kwa hofu ya mlipuko, jibu ni fupi. Hofu hailipiwi. Hulipiwa ugonjwa uliothibitishwa na daktari kabla ya kuondoka, au katazo rasmi la serikali lililotolewa baada ya kununua bima. Tahadhari ya kawaida, kama ile ya daraja la pili niliyoitaja, haitoshi.

Wanaokwenda Ulaya wasidhani kwamba wao wako salama zaidi kwa sababu bima yao imekubaliwa na ubalozi. Kanuni za viza ya Schengen zinataka bima isiyopungua yuro 30,000, inayolipia matibabu ya haraka, kulazwa kwa dharura, kurejeshwa nyumbani kwa sababu za kiafya na kifo. Kanuni hizo hazisemi lolote kuhusu milipuko. Kampuni hii inauza pia bima ya Schengen, na nilipoilinganisha na yetu niliikuta na sura ileile ya mambo yasiyolipiwa, neno kwa neno.

Madai yenyewe yalishughulikiwa kwa nidhamu. Walitaka stakabadhi rasmi ya hospitali, ile ambayo Wachina huiita fapiao, muhtasari wa kuruhusiwa wenye mhuri, nakala ya kurasa za pasipoti zenye mihuri ya kuingia na kutoka, na tafsiri ya Kiingereza ya kila karatasi ya Kichina. Picha ya malipo kwenye simu waliikataa, na nadhani walikuwa na haki, maana haioneshi kilicholipiwa. Gharama ya mtafsiri ilikuwa juu yetu. Fedha ziliingia benki kwa shilingi, pungufu kwa kile kiasi ambacho mwenye bima hujilipia kwanza.

Je, ningeikata tena? Kwa safari ya nchi isiyo na mlipuko wowote, ndiyo, kwa kuwa namba yao ya msaada hupokelewa na dai letu la matibabu hatimaye lililipwa. Kwa safari ya mahali ambapo ugonjwa umekwisha kuripotiwa, ningemwandikia wakala barua pepe kwanza, nikiutaja ugonjwa kwa jina, mji ninaokwenda na tarehe, na kumtaka ajibu kwa maandishi kama nitalipiwa nikiugua ugonjwa huo na kama siku za kutengwa kwa amri ya serikali zimo. Jibu la mdomo dukani halitamsaidia mtu mbele ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Wakala akikwepa kuandika, zipo kampuni nyingine zenye fao la karantini lililotajwa waziwazi kwenye jedwali, na tofauti ya bei niliyoikuta nilipouliza ilikuwa ndogo kuliko gharama ya usiku mmoja wa kitanda kile cha Foshan.