Nilinunua Kleiber, nikapewa Karajan

Naandika hasira haijanitoka, ijapokuwa jambo lenyewe ni la majira ya baridi yaliyopita, kama si Januari basi Februari. Anayetaka kujua duka liko mtaa gani na linafungwa saa ngapi akatafute mwenyewe, jina silitaji. Ni duka la CD na santuri za mitumba hapa Berlin, la kushuka ngazi, lina harufu ya makaratasi yaliyowahi kulowana, na humo ndani nimeokota vitu vya maana kwa bei ya chai na andazi. Hilo nalisema mapema, kwa sababu nikifika mbele huko sidhani nitakuwa na moyo wa kulisema.

Nilichokuwa nakitafuta ni kimoja tu. Simfoni ya 7 ya Beethoven, Carlos Kleiber akiongoza okestra ya Vienna Philharmonic, ile waliyorekodi katikati ya miaka ya 1970. Kuna toleo la miaka ya 1990 lililoiunganisha na Simfoni ya 5 kwenye CD moja, na ndilo nililolitaka. Mama yangu, yuko Unguja, nilipomwambia namtafuta kondakta aliyefariki 2004 akaniuliza alikuwa gari la Bububu au la Fuoni. Tangu siku hiyo nasema mwongoza okestra.

Mtaniambia nisikilize kwenye simu. Nimejaribu. Programu za muziki zimetengenezwa kwa ajili ya nyimbo, na simfoni si wimbo, ni kazi moja ndefu ya okestra yenye sehemu kadhaa. Ukiandika Kleiber unapakuliwa baba na mwana sahani moja, Erich na Carlos, na mwaka wanaokuonyesha ni wa toleo, si wa siku wale watu walipokaa na fidla zao. Kuna siku sehemu ya kwanza ilipokwisha nililetewa sehemu ya tatu ya okestra nyingine kabisa. Basi, nikaizima.

Rekodi yenyewe niliijua kwa CD ya kuazima maktaba ya mji. Ilikuwa na mchubuko, ikifika sehemu ya nne inakwama na kurudia neno moja kama mtu mwenye homa. Lakini sehemu ya pili ilikuwa nzima, na sehemu ya pili ndiyo iliyonimaliza. Zinaanza zumari na baragumu, sauti moja inashikwa kisha inafifia, halafu nyuzi nzito zinaingia chini chini: taa, ta-ta, taa, taa. Mwendo wa watu wanaosindikiza maiti bila kulia. Simfoni hii ilipigwa hadharani mara ya kwanza Vienna, Desemba 1813, kwenye hafla ya kuwachangia askari waliojeruhiwa vitani, Beethoven mwenyewe akiongoza, na watu wakataka sehemu hiyo ya pili irudiwe. Ningekuwapo ningepiga kelele pamoja nao.

Sasa sikilizeni mwisho wake. Ule mdundo unakatwakatwa, kipande hiki kwa zumari, kile kwa filimbi, na nyuzi zinaitikia kwa kudonolewa na kidole. Okestra nyingi zikifika mistari ile ya mwisho hushika tena upinde na kumalizia kwa kuburuta. Kleiber hawaruhusu. Fidla zake zinadonoa mpaka noti ya mwisho kabisa, kavu, kama mtu anayebisha hodi nyumba anayojua haina mtu, kisha ile sauti ya mwanzo inarudi na kufifia. Marehemu mjomba wangu alikuwa mpiga fidla wa taarab, Ng'ambo. Akitaka kutuchekesha sisi watoto alikuwa akiweka upinde chini na kuidonoa fidla kama gambusi. Sauti ile naijua tangu sijajua kusoma.

Kwa hiyo siku nilipolikuta lile kasha dukani, Kleiber, Vienna, simfoni zote mbili, euro 6, sikuuliza mara mbili. Makasha pale yamefungwa kwa kikaratasi cha bei kilichobandikwa kwenye ukingo, hufungui mpaka umelipa. Nikalipa. Usiku nikazima taa, nikalipachika kwenye deki bila hata kuvaa miwani, nikaruka hadi sehemu ya pili. Taa, ta-ta, taa, taa. Nzuri, lakini nikahisi kitu hakijakaa sawa, kama kulala kwenye kitanda ulichotandikiwa na mtu mwingine. Ukafika mwisho. Upinde. Niliketi gizani nikadhani nimesikia vibaya. Nikarudisha. Upinde tena, laini kabisa, kama wanapaka siagi.

Nikawasha taa, nikaitoa. Lebo ya njano, kampuni ile ile, Beethoven yule yule, namba 7. Karajan, mwongoza okestra mwingine kabisa. Berlin Philharmonic.

Kesho yake mapema nikashuka zile ngazi. Mwenye duka ni mzee mrefu, miwani puani, anabandika bei. Nikamsalimia kwa Kijerumani changu cha adabu, kwa ile „Sie“ ya kumpa mtu mzima heshima yake: samahani bwana, kasha la Kleiber, ndani mna Karajan. Hakulifungua hata kulitazama. Akaanza na „du“, neno wanalowaambia watoto, jamaa zao na mbwa, akamalizia kwa wingi:

„Beethoven ni Beethoven. Kwani nyinyi mnasikia tofauti?“

Nyinyi. Wallahi niligeuka nyuma kuangalia nimeingia na akina nani. Dukani tulikuwa mimi, yeye, na kijana wa kaunta aliyejifanya anahesabu mifuko. Nyinyi akina nani? Wenye mitandio? Wazanzibari? Wateja wa euro 6? Nimekaa nchi hii miaka ya kutosha kujua ile „nyinyi“ inakotoka, na bado kila ikija huwa kama maji baridi mgongoni.

Nikamjibu kwamba nasikia, na ndiyo sababu nimerudi. Kleiber anamalizia sehemu ya pili kwa kidole, huyu wa kwenye kasha lako anamalizia kwa upinde. Hapo akavua miwani. Nikadhani ataomba radhi. Akasema: „Kwenye nota imeandikwa upinde. Aliyekosea ni Kleiber wako.“ Akanisukumia kasha, akasema bidhaa za mitumba hazirudishwi, akarudi kwenye bei zake.

Nilifika nyumbani natetemeka. Nota za Beethoven hazina mwenyewe siku hizi, zipo bure mtandaoni, nikazifungua hata koti sijavua. Nikasogeza mpaka mwisho wa sehemu ya pili. Na ni kweli. Nyuzi zinadonolewa, zinadonolewa, halafu kabla ya ile sauti ya mwisho limeandikwa neno la Kitaliano, arco, yaani shikeni upinde. Kleiber kalipita kama hakuliona. Na si uzembe, maana baba yake, Erich, alimalizia vivyo hivyo alipoirekodi na okestra ya Concertgebouw ya Amsterdam mwaka 1950. Ni mapishi ya nyumbani kwao.

Mngetarajia hapo nipoe. Ndiyo kwanza nikapanda. Angekuwa mbumbumbu wa kuuza masanduku kwa kilo ningemsamehe saa ile ile. Kumbe anajua. Anajua mpaka neno moja lililoandikwa chini ya mstari wa fidla kwenye ukurasa ambao watu elfu hawajawahi kuufungua, na bado swali lililomtoka ni lile. Basi hakuwa akiniuliza habari za Beethoven.

Nikakaa nikafikiri. CD haiyeyuki. Kama Karajan amelala kwenye kitanda cha Kleiber, basi Kleiber amelala kwa Karajan, na huenda kitanda chenyewe kiko mle mle dukani. Jumamosi nikarudi, sikusalimia mtu, nikaenda rafu ya K. Sijui kama mnajua yule bwana alirekodi mara ngapi. Simfoni zote tisa za Beethoven na Berlin peke yao alizirekodi mara tatu, miaka ya 1960, ya 1970 na ya 1980, mbali na zile za London za miaka ya 1950. Rafu inajaa mtu mmoja. Nikatia ukucha chini ya kikaratasi cha kasha la kwanza, kikabanduka. La pili. La tano lilikuwa na kijitabu tu, CD hamna. Nilikuwa kwenye la kumi na moja nikasikia nyuma yangu: „Makasha hayafunguliwi.“

Nikamwambia, „Beethoven ni Beethoven, mnaogopa nini?“

Kijana wa kaunta aliangusha mifuko. Mzee akasimama kidogo, halafu, na hili sikulitarajia, akaniacha. Hakucheka, hakuniomba radhi, alirudi kwenye kiti chake nami nikaendelea mpaka mwisho wa rafu. Kleiber hakuwamo.

Sasa haki niitoe, ingawa naitoa kwa kuivuta. Karajan niliyebaki naye ni wa mwanzoni mwa miaka ya 1960, ambaye walimrekodi kanisani, Jesus-Christus-Kirche, kule Dahlem. Mimi nafanya kazi Dahlem. Kila asubuhi nashuka kituo cha Thielplatz, na kanisa lenyewe liko hatua chache kutoka hapo. Nimelipita mara mia sikujua kwamba wale watu waliingia mle na fidla zao. Wiki tatu nzima niliichukia ile CD. Niliona imepigwa pasi mno. Sehemu ya nne, kwa Kleiber, fidla za kwanza zimekaa kushoto na za pili kulia, zinarushiana maneno kama wanawake wa mitaa miwili waliogombana kisimani, unageuza shingo. Kwa Karajan wote wamerundikwa upande mmoja, ugomvi unasikika lakini hujui nani kamjibu nani. Hayo nayashikilia. Halafu jioni moja niliiweka huku naunga mchuzi wa pweza, na ilipofika sehemu ya nne nilisimama na mwiko mkononi mpaka tui likakatika. Kwa hiyo sijui. Muulizeni mtu ambaye hakutukanwa.

Na lile duka? Siku ya kwanza ningelipa nyota sifuri, na kama kungekuwa na chini ya sifuri ningeshuka ngazi nyingine. Huduma ni mbovu, mzee hana ulimi, anachouza hakikagui. Lakini mwezi uliofuata niliokota mle mle rekodi ya Furtwängler, mwongoza okestra mwingine, ya 1943, simfoni hii hii, iliyorekodiwa Berlin katika ukumbi ambao Januari 1944 ulipigwa mabomu ukaisha. Tepu zile Wasovieti waliondoka nazo vita vilipokwisha, Wajerumani wakarudishiwa muziki wao mwaka 1987. Euro 4. Watu wanakohoa humo ndani, unawasikia, nami huwa najiuliza wangapi katika wanaokohoa walimaliza mwaka uliofuata. Nani mwingine angeniuzia kitu kama hicho kwa euro 4? Haya, nyota mbili. Mbili na nusu, kwa ajili ya yule kijana. Nikikumbuka ile „nyinyi“ narudi kwenye moja.

Nakwenda bado, sikatai. Jumamosi nikipata nafasi nabandua makasha mapya ya Karajan yaliyoingia, na mzee ananiona na kunyamaza. Juzi juzi alinitolea „Sie“, sikujua niicheke au niirudishe.

Kinachonikosesha usingizi ni kingine. Nilimuuliza yule kijana kama kuna mteja aliyewahi kurudisha kasha la Karajan lenye Kleiber ndani. Akaniambia hakuna, hata mmoja. Maana yake kuna mtu Berlin hii aliyelipa, akafika nyumbani, akaketi vizuri, akaisikiliza CD yangu, fidla zikadonolewa kwa kidole mpaka noti ya mwisho, na yeye akaona ni sawa tu. Ningemjua ningempelekea Karajan wake nichukue changu. Ila kwanza ningemshika mkono tukashuka naye zile ngazi, nikamsimamisha mbele ya mzee, aulizwe yeye.