Crown Athlete ya 3.5 kwenye milima ya Mbeya: utoe 2.5 yako na kuongeza hela?

Mwenye Toyota Crown ya injini ya lita 2.5 akishapanda Mlima Nyoka mara mbili tatu nyuma ya semi-trela, wazo la 3.5 humjia lenyewe. Gari limetulia, viti vya starehe, ndani kimya. Lakini ukikanyaga mafuta ili upite, gia inashuka, injini inanguruma, na mwendo unaongezeka taratibu mno huku lori la upande wa pili linakuja. Yadi zinalijua hilo vizuri: lete lako, ongeza kiasi fulani, ondoka na Athlete ya V6 ya 3.5. Biashara hiyo hapa tunaipima kwa mtu anayeishi kwenye mwinuko, maana hesabu ya Mbeya si ya Dar es Salaam.

Hewa ndiyo inayobadilisha hesabu. Jiji la Mbeya liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na uzito wa hewa ya huku ni kama asilimia 85 tu ya ile ya pwani. Injini isiyo na turbo hunyonya hewa kama ilivyo, kwa hiyo nguvu nayo inapungua kwa kiasi hicho hicho. Crown za 2.5, yaani GRS180 na GRS200 zenye injini ya 4GR-FSE, zimeandikwa nguvu za farasi 215. Ukiwa Uyole una kama 180. Mark X GRX130, nayo ya 2.5, iliyoandikwa 203 inabaki na takriban 170. Athlete ya 3.5 yenye 2GR-FSE imeandikwa 315, na hapa inakupa kama 265. Kwa maneno mengine, 3.5 ikiwa Mbeya bado inaizidi 2.5 ikiwa Kigamboni. Mwenye 2.5 anayelalamika hajidanganyi, gari lake kweli ni zito kupanda.

Lakini mara nyingi mwinuko unalaumiwa peke yake wakati nusu ya tatizo ni kaboni. Hapa inafaa kwenda polepole, kwa sababu ukilielewa hili unaweza usihitaji kuongeza hata shilingi.

Kwenye 4GR-FSE, nozeli zinapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Valvu za kuingizia hewa haziguswi na petroli kamwe. Mvuke wa oili unaorudishwa kutoka kwenye injini hupita juu yake, unaungua na kuganda, na baada ya miaka shingo ya valvu inakuwa na ukoko mweusi mgumu unaoziba njia ya hewa. Dalili zake zinajulikana: asubuhi sailensa (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama bila kukanyagwa mafuta) inatetemeka, gari linamisi kidogo likiwa baridi, ukikanyaga linachelewa kuitika, mafuta yanaongezeka. Zile chupa za dawa ya kumwaga kwenye tangi haziwezi kusafisha valvu hizo, maana dawa inapita na petroli, na petroli haifiki hapo. Zinasaidia nozeli, basi. Usiruhusu mtu akuuzie chupa tatu kwa kazi hiyo.

Kazi yenyewe ni ya mikono. Fundi anafungua manifoldi ya hewa (mabomba yanayogawa hewa kwa silinda) mpaka aone mashimo ya valvu, kisha anazungusha krenki kwa spana hadi valvu za silinda anayosafisha ziwe zimefunga kabisa. Anamimina dawa ya kuyeyusha kaboni, anaiacha iloweke, anasugua kwa brashi, ananyonya uchafu wote, halafu anahamia silinda inayofuata. Ziko sita, na kila moja ina valvu mbili za kuingizia. Kosa baya ni kusugua valvu ikiwa wazi: punje za kaboni zinadondoka kwenye silinda na kukwaruza ukuta wake. Kosa la pili ni kurudisha gasketi za zamani za manifoldi. Zikivujisha hewa, sailensa inaharibika zaidi ya mwanzo na utaona kama kazi haikufanyika. Wakati huo huo asafishe throto, na sensa ya hewa kwa spirei yake maalumu, si petroli na kitambaa. Abadilishe eya klina na plagi sita za iridium kama hazijulikani zilifungwa lini. Ni kazi ya siku nzima, na ukiilinganisha na hela ya kuongeza yadi ni ndogo sana.

Kuna hali moja ambayo usafi huo hauisaidii: ringi za pistoni zikiwa zimekwama. Jaza oili hadi alama ya juu ya kijiti, tembea kilomita 1,000, kisha pima tena asubuhi gari likiwa mahali pa tambarare. Kama imeshuka hadi karibu na alama ya chini, mwambie fundi apime kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Hapa Nyanda za Juu usome kwa akili: namba zote zitakuwa chini kuliko zilizo kwenye kitabu, kwa sababu hewa yenyewe ni nyepesi. Kinachotafutwa ni ulingano. Silinda tano zikikaribiana na moja ikaachwa nyuma, hiyo moja ina ugonjwa. Injini ya namna hiyo ndiyo sababu halali ya kufikiria kubadilisha gari.

Sasa 3.5 yenyewe. Uzuri wake mkubwa kwetu hautokani na zile farasi mia za ziada. 2GR-FSE ina nozeli kumi na mbili: sita za ndani ya silinda na sita zinazopuliza kwenye njia ya hewa, nyuma ya valvu. Petroli ya hizi za pili inaosha valvu gari likitembea, hivyo ule ukoko haujengeki kwa kasi ya 2.5. Na hapo ndipo 3.0, ile 3GR-FSE ya farasi 256, inapokosa sababu ya kununuliwa: inapuliza kama 2.5, inaziba kama 2.5, na inakunywa karibu sawa na 3.5. Ukiamua kuongeza hela, pita 3.0 uende moja kwa moja.

Hakikisha tu ni 3.5 kweli. Athlete zilitoka na 2.5 pia, na nembo ya nyuma inabandikwa kwa gundi. Soma namba ya chesesi: GRS184 na GRS204 ni 3.5, GRS180, GRS181, GRS200 na GRS201 ni 2.5. Kwa Mark X ya kizazi cha pili, GRX133 ndiyo 3.5. Kadi ya gari nayo iandike cc 3,456. Ikiandika 2,499, unauziwa nembo.

Ukaguzi ufanyike alfajiri, kabla jua halijapasha boneti, na mwambie muuzaji mapema asiwashe gari. Weka mkono juu ya boneti. Ikiwa ya moto, ahirisha urudi siku nyingine. Kisha simama mbele ya gari mwenzako awashe. Mlio wa "grrr" wa sekunde moja au mbili, kama mnyororo unaburuzwa, halafu kimya, ni gia za VVT-i (zinazorekebisha muda wa valvu kufunguka) zilizochoka. Baridi ya Juni na Julai inausema ugonjwa huu vizuri kuliko mashine yoyote ya kupimia, kwa sababu injini ikishapata joto mlio unapotea. Gari linatembea nao muda mrefu, lakini matengenezo yake yanafungua mbele yote ya injini, kwa hiyo bei ishuke kwa kiasi hicho au uache.

Halafu rejeta. Kwa mwinuko wa Mbeya maji matupu yanachemka karibu nyuzi 94, na injini hizi hufanya kazi karibu na joto hilo. Kinachozuia kuchemka ni kulanti (maji maalumu ya rejeta) pamoja na presha inayoshikiliwa na kifuniko cha rejeta. Fungua kifuniko hicho injini ikiwa baridi: mpira wake uwe laini usio na ufa, springi irudi kwa nguvu ukiibonyeza, na namba iliyo juu iwe ile ya kiwandani. Ukiona maji ya bomba yenye kutu, jua wota pampu na njia zote zimelishwa kutu. Angalia chini ya wota pampu. Magadi ya rangi ya waridi yaliyokauka ni alama ya kuvuja.

Gia boksi haina kijiti cha kupimia, na ndiyo maana wengi hawaigusi mpaka inaanza kugonga. Oili yake ni ATF WS, na kiwango kinapimwa kwa kufungua nati ya chini injini ikiunguruma, oili ikiwa na joto maalumu. Ukiimwaga, inatoka sehemu tu, nyingine inabaki kwenye kigeuzi (torque converter, kati ya injini na gia boksi), hivyo iliyochoka sana hubadilishwa kwa awamu. Ikitoka nyeusi na inanuka kuungua, gari limeburuzwa milimani bila huduma.

Nguvu ya kupanda isikusahaulishe kushuka. Mteremko wa Iwambi, ule wa Inyala, na Kitonga ukielekea Ruaha Mbuyuni havijali una farasi ngapi. Toyota yenyewe ililiona hilo: Lexus IS zenye injini hizi hizi zilipewa diski za mbele za milimita 296 kwa 2.5 na 334 kwa 3.5. Kwa hiyo pima diski za gari unalochukua, usikubali Athlete ya 3.5 iliyofungiwa breki za kuokoteza. Uliza pia bei ya pedi zake kabla, na ukienda dukani nenda na pedi ya zamani mkononi. Mteremkoni sukuma gia upande wa S, chagua ya tatu au ya nne, injini ikushikilie.

Matairi ni hasara ambayo yadi haitaji. Athlete inakaa kwenye rimu 18 na tairi 225/45, ubavu mwembamba. Royal (toleo jingine la Crown) nyingi za 2.5 zina rimu 16 na tairi nene. Kwa mashimo na michepuko ya matengenezo ya barabara, ile nyembamba inapinda rimu na kutoa kinundu ubavuni. Anayekwenda Chunya, Makete au vijiji vya Rungwe kila wiki alizingatie sana jambo hili.

Huduma ya kawaida haitofautiani sana: plagi sita kwa sita, oili lita sita na ushee kwa zote mbili, cheni badala ya mkanda. Tofauti iko kwenye petroli. 2.5 nzima hufanya kilomita 8 hadi 10 kwa lita safari za mchanganyiko, 3.5 kama 6.5 hadi 8.5. Ukichukua 9 na 7.5, kwa kilomita 1,500 za mwezi ni lita 167 dhidi ya 200. Lita 33 hizo zizidishe kwa bei kikomo ya Mbeya inayotangazwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, ambayo huwa juu ya ile ya Dar es Salaam. Kama mfuko haushtuki, sawa.

Kabla ya kusaini, kuna gari la tatu la kulifikiria: Crown Athlete ARS210 ya 2.0 turbo, iliyoanza 2015. Farasi ni 235 tu, lakini toki yake, yaani nguvu ya kuzungusha, ni nyutoni mita 350 kuanzia mizunguko 1,650. 3.5 ina 377, tena mpaka ifike mizunguko 4,800, na hapa juu zinashuka hadi kama 320. Turbo inasukuma hewa yenyewe, hivyo inafidia sehemu kubwa ya mwinuko, na gia zake ni nane. Kupanda Isyonje umejaza watu watano, hii inapanda kwa utulivu kuliko 3.5. Ukiagiza Japani, injini ya zaidi ya cc 1,000 lakini isiyozidi 2,000 inatozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 5, wakati 2.5 na 3.5 zote zinatozwa 10. Udhaifu wake ni bei ya kununulia, vipuri vya kusubiri kutoka Dar es Salaam, na turbo isiyosamehe oili iliyochelewa. Kilomita 5,000 zisipitilizwe.

Kwa hiyo: anayezunguka Mwanjelwa, Kabwe na Sae asafishe valvu abaki na 2.5. Anayepanda na kushuka kila wiki akiwa na familia na mizigo achukue 3.5, na mwenye uwezo zaidi aitafute ARS210.

Yadini omba bei mbili tofauti: ya kununua gari lao kwa fedha taslimu bila kubadilishana, na ya wao kununua lako taslimu. Wakikutajia "ongezea milioni kadhaa" peke yake, hujui lako limethaminiwa shilingi ngapi, na mara nyingi limeshushwa sana ili lao lionekane nafuu. Peleka namba ya gari kwenye mfumo wa faini za trafiki, linganisha chesesi na kadi halisi, mkataba upite kwa wakili, na uhamisho wa umiliki ufanyike TRA kwa TIN zenu wote wawili kabla hujaachia funguo. Na kwa kuwa Mbeya ndiyo njia ya magari ya IT (yanayopita tu nchini kwenda nchi jirani) kwenda Tunduma na Kasumulu, Athlete ya bei ya kushangaza isiyo na kadi ya Tanzania ni gari ambalo ushuru wake haujalipwa. Usiilipie hata kishika nafasi.