Dawa ya meno au dawa ya kung'arishia plastiki kwa kioo cha plastiki cha simu kilichofifia

Njia zote mbili hufuata kanuni moja: plastiki husagwa kidogo kidogo mpaka kingo za mikwaruzo zilainike na mwanga uache kutawanyika. Dawa ya meno nyeupe huliweza jambo hilo kwa sababu ina chembe za silika au kalsiamu kaboneti. Lakini chembe hizo zilikusudiwa meno, ambayo ni magumu kuliko plastiki, na mara nyingi huacha ukungu mwembamba unaoonekana ukiinamisha simu kwenye mwanga. Dawa maalumu ya plastiki ina chembe laini zaidi, ndiyo maana mimi huichagua bila kusita, hata ikinilazimu kusubiri kuipata.

Kwa vyovyote vile, zima simu, ziba matundu ya spika na ya chaji kwa utepe, weka tone dogo kama punje ya mchele kwenye kitambaa laini, kisha sugua kwa mizunguko midogo bila kukandamiza. Mkwaruzo unaonasa ukucha hautatoka kwa dawa yoyote kati ya hizi. Kioo halisi kisisuguliwe kabisa, kwani utando unaozuia alama za vidole utabanduka.