AHL au Ujerumani: mchezaji wa hoki ya barafuni aende wapi?

Mchezaji aliyefika miaka 28 bila namba ya kudumu NHL, ligi kuu ya Amerika Kaskazini, hawezi kulikwepa swali hili: abaki AHL, ligi iliyo chini yake, au ahamie DEL, ligi kuu ya Ujerumani?

Kwa ukaribu na NHL, AHL haina mpinzani. Kila timu kati ya 32 za AHL ina klabu yake ya NHL inayoilisha wachezaji. Mtu akiumia huko juu leo, simu inalia, kesho unavaa jezi. Aliyeanza msimu Ulaya akitaka kurudi katikati, klabu nyingine za NHL zina haki ya kumdaka kwanza kabla ya ile iliyomwita.

Mwili nao una hesabu zake. AHL ni mechi 72 kwa msimu, na zipo wikendi za mechi tatu kwa siku tatu, basi likiingia mjini usiku wa manane. DEL ni 52, mara nyingi Ijumaa na Jumapili. Hapa Ujerumani inashinda kwa mbali.

Pesa? Klabu za Ulaya mara nyingi hutoa nyumba na gari. Ila nafasi za wageni zina kikomo, na mgeni asiyefunga mabao havumiliwi.

Kijana wa miaka 22 asubiri simu. Mwenye watoto wa shule, mimi nisingemzuia kupanda ndege.