Bonanza la siku moja au mazoezi ya kila jioni?

Kule Unga Limited na Ngarenaro, jijini Arusha, vijana wanaoshinda vijiweni hawakosi mpira wa kucheza. Wanakosa mtu wa kuwafuatilia.

Bonanza lina shangwe zake: jezi mpya, mgeni rasmi, mbuzi kwa bingwa. Linakusanya mtaa mzima, na hapo ni rahisi kuandikisha vijana. Ila likiwa la mtoano lenye timu 8, timu 4 zinaaga baada ya mechi moja tu. Jumatatu kijiwe kimejaa tena.

Mazoezi ya jioni hayana mgeni rasmi. Yana kocha wa kujitolea, mpira uliochubuka, chupa za maji zilizojazwa mchanga badala ya koni, na daftari la mahudhurio. Daftari hilo naliamini kuliko kombe lolote: kijana asipoonekana siku mbili, kocha anapita kwao kumuulizia kabla polisi hawajamuulizia. Na wakubwa wakikabidhiwa wadogo wawafundishe, wanaanza kuitwa “kocha” na mtaa uleule uliokuwa ukiwaita vibaka.

Fedha zikitosha kitu kimoja tu, wafadhili wamlipie kocha nauli na wanunue mipira. Bonanza lisubiri mwisho wa msimu, lichezwe na waliohudhuria.