Mkwaruzo kwenye gari: ununue nini kabla ya kwenda kwa fundi rangi

Kabla hujaingia dukani, toka nje na ndoo ya maji. Osha palipokwaruzwa, kisha mwagia maji safi na utazame kabla hapajakauka. Mstari ukipotea majini, rangi yako ni nzima. Kilichochubuka ni vanishi ya juu tu, ile ambayo mafundi huiita klia. Usipopotea, pitisha ukucha ukiukata mstari. Ukinasa, ujue umeingia ndani. Na ukiona bati au wekundu wa kutu, usisubiri mshahara, hasa kama unakaa Tanga, Mombasa au Kigamboni, ambako hewa ya chumvi haina subira.

Muuzaji atakuuliza gari ni rangi gani. Kina cha mkwaruzo hakiulizi, na kina ndicho kinachoamua ununue nini. Rangi yote ya kiwandani, kuanzia praima (rangi ya chini kabisa, inayoshika bati) hadi klia, ina mikroni 100 hadi 150 hivi: unene wa karatasi moja ya fotokopi, au karatasi moja na nusu. Klia peke yake ni kama mikroni 40. Ukishaisugua ikaisha, hairudi.

1. Kampaundi laini

Hii, dawa ya kusugulia rangi, ndiyo ya kwanza, na kwa wengi ndiyo ya mwisho pia. Alama za kucha chini ya kitasa cha mlango, matawi ya uchochoroni, rangi ya bajaji iliyobaki kwenye bampa yako: vyote hivi ni kazi yake. Madukani kuna nzito na laini. Chukua laini. Nzito inakata haraka, na mkono usiozoea huacha ukungu mbaya kuliko mkwaruzo wenyewe.

Fanyia kivulini, bodi ikiwa imepoa. Weka kiasi cha punje ya harage kwenye kitambaa cha maikrofaiba (fulana kuukuu yenye mshono itakuongezea michirizi), sugua eneo la kiganja kimoja, futa, tazama. Mara tatu bila mabadiliko, acha. Kingo za milango na boneti zipite kwa mbali, maana hapo rangi ni nyembamba. Wanaoshauri utumie dawa ya meno hawadanganyi sana, nayo ina chembe za kusugulia, ila utasugua mpaka magharibi.

2. Rangi iliyochanganywa kwa namba

Ukucha ukinasa, kampaundi haitoshi. Hapa usinunue “nyeupe” wala “silva”, nunua namba. Kwa Toyota zinazotoka Japani, tafuta kibati kwenye chumba cha injini au nguzo ya mlango wa dereva, mstari ulioandikwa C/TR. 040 ni nyeupe ya kawaida, 202 ni nyeusi, 1F7 ni ya fedha. Mwenye 070 aketi kwanza: hiyo ni nyeupe ya lulu, inapakwa tabaka tatu, na kichupa kimoja kitakuachia doa kama la chokaa.

Nenda duka lenye mashine ya kuchanganya, uombe kipimo kidogo kabisa wanachouza. Mimi hubeba kichupa kitupu cha rangi ya kucha kilichosuuzwa kwa thina, kina na kibrashi chake. Uliza swali moja: hii inahitaji klia juu? Mara nyingi inahitaji, na asiyeuliza hurudi kulalamika kwamba rangi imefubaa.

Jaza mfereji wa mkwaruzo tu, kwa ncha ya njiti ya kiberiti iliyochongwa. Tabaka nyembamba, tatu au nne, kwa sababu rangi huzama ikikauka. Kisha klia. Subiri wiki, uisawazishe kwa msasa wa maji namba 2000, halafu 3000, umalize kwa kampaundi ile ile ya kwanza. Ya fedha haitafanana asilimia mia: chembe zake hulala tofauti zikipakwa kwa brashi, na ukitazama kwa pembeni utaona kivuli. Bado ni afadhali kuliko kutu.

3. Praima na msasa mdogo

Kama bati limeonekana, kwangua kutu yote, paka praima, ndipo urudi namba 2. Bampa ya plastiki haishiki kutu, kwa hiyo haina haraka, ila inataka praima yake ya plastiki.

4. Kopo la spreyi

Wengi huanzia hapa. Hata mimi. Nilipulizia spreyi kwenye kona ya bampa ya nyuma uani, Jumapili yenye upepo. Nilipobandua selotepu nikabaki na mraba unaong'aa kama plasta kidondani, na vumbi limo ndani. Spreyi inafaa kitu kinachofunguka chote, kama kifuniko cha kioo cha pembeni, ili pasiwe na mpaka. Klia yenye hardina (dawa ya kuigandisha) mwachie fundi mwenye barakoa ya vichujio: ina kemikali ya isosianeti, huumiza mapafu, na barakoa ya kitambaa haizuii kitu.

5. Kalamu ya kwenye foleni

Usinunue. Kijana anayeuza kalamu za kuondoa mikwaruzo anachora mstari kwenye boneti, anapaka, anafuta, mkwaruzo hauonekani. Kilichofanyika ni kujaza ufa kwa kitu kama nta au utomvu. Ukiosha gari mara chache, mstari umerudi. Akikubana dirishani, chukua chupa yako ya maji ya kunywa, mwagia pale pale. Mstari utapotea bila kalamu.