Amazon SES kwa mfumo wa ghala la korosho Mtwara: bei safi, ila DNS na foleni ni juu yako

SES ni huduma ya Amazon ya kutuma barua pepe kutoka kwenye mifumo. Mfumo wenyewe umeandikwa kwa Laravel (kiunzi cha PHP) na unahudumia vyama vya msingi vya korosho huku Mtwara. Mzigo ukipokelewa ghalani, karani anaingiza kilo na daraja, barua pepe inaondoka kwa katibu wa AMCOS (chama cha msingi) na mhasibu. Mnunuzi akishinda mnada anatumiwa ankara ya PDF. Msimu ukifunguliwa Oktoba barua zinatoka mfululizo, ukiisha zinakuwa za kuhesabika. Kwa matumizi ya kupanda na kushuka namna hii sioni sababu ya kulipia kifurushi cha mwezi, na hapo ndipo SES imenikamata: dola 0.10 kwa barua 1,000, na dola 0.12 kwa kila GB ya viambatisho. Barua elfu ishirini zisizo na viambatisho ni dola 2 tu. Utahitaji kadi inayokubali malipo ya mtandaoni kwa dola, basi.

Wengi huku tunaanza na mail() ya PHP kwenye hosting ya bei nafuu, kisha tunashangaa barua hazifiki. Tatizo ni kwamba mail() ikirudisha true maana yake ni moja tu: barua imekabidhiwa kwa programu ya kutuma barua iliyomo ndani ya seva. Kilichotokea baada ya hapo haikijui. Na anwani ya IP unayotumia ni ya tovuti nyingi kwa pamoja. Jirani mmoja akidukuliwa na kumwaga spamu, wote mnaingia kwenye orodha nyeusi. Ukikodi VPS (seva ya mtandaoni) yako mwenyewe utakuta kampuni nyingi zimefunga poti 25 ya kutoka nje, inayotumika kutuma barua, na hata ikifunguliwa lazima uweke rekodi ya PTR (inayoonyesha jina la anwani ya IP) inayolingana na jina la seva, la sivyo Gmail inakukataa mlangoni.

Kwa biashara ndogo, mfano nyumba ya wageni Mikindani inayopokea maombi machache ya vyumba kwa siku, SMTP (njia ya kawaida ya kutuma barua) ya Gmail inatosha. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, tengeneza nenosiri la programu la herufi 16, tumia smtp.gmail.com poti 587, na ukae chini ya barua 500 kwa siku. Usijipe kazi ya SES kwa hilo.

Kwenye kuchagua kanda, yaani kituo cha Amazon kitakachotuma barua zako, watu wanakimbilia Cape Town kwa sababu ipo Afrika. Angalia seva yako iko wapi, siyo wewe uko wapi. Barua haitoki Mtwara, inatoka kwenye seva. Kama seva iko Frankfurt, chukua kanda ya Frankfurt. Mtandao ukikatika huku Shangani, Mtwara, ukurasa hautafunguka kwako, lakini barua zilizokwisha ingia kwenye foleni zinaendelea kwenda. Kumbuka tu kwamba nenosiri la SMTP la SES ni la kanda moja, na siyo sawa na funguo za kawaida za AWS (huduma za wingu za Amazon). Ukiweka funguo za kawaida au ukibadilisha kanda, jibu ni 535 Authentication Credentials Invalid.

Sasa DNS, yaani rekodi za domeini yako, ambako kazi yote ipo. SES inakupa rekodi tatu za CNAME kwa ajili ya DKIM (sahihi inayothibitisha kwamba barua ni ya domeini yako). Paneli nyingi za hosting zinaongezea jina la domeini zenyewe mwishoni, kwa hiyo ukinakili jina zima kama ulivyopewa unapata kitu kama abc123._domainkey.mfano.co.tz.mfano.co.tz. Paneli itakuambia imehifadhi, na SES itabaki inasubiri. Andika abc123._domainkey peke yake, kisha hakikisha kwa dig CNAME ukitumia jina kamili. Usingoje alama ya kijani.

Halafu kuna jambo linalorukwa. Usipogusa chochote, SES inatumia amazonses.com kama anwani ya kurudishia barua. SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la domeini) inapita, lakini inapita kwa jina la Amazon, siyo lako, kwa hiyo kwa upande wa DMARC (kanuni inayotaka SPF au DKIM ilingane na domeini iliyo kwenye From) haihesabiki. DKIM peke yake inakubeba, sawa, ila mimi sipendi kusimama kwa mguu mmoja. Weka MAIL FROM ya kwako, mfano barua.mfano.co.tz, yenye rekodi mbili: MX (inayosema barua za domeini zipokelewe wapi) inayoelekea feedback-smtp ya kanda yako, na TXT ya v=spf1 include:amazonses.com ~all. Kwa kuwa hii inakaa kwenye domeini ndogo haigusi SPF ya domeini kuu. Kwenye domeini kuu SPF iwe rekodi moja tu; zikiwa mbili zote zinahesabiwa batili. Na utafutaji wa DNS ndani yake usizidi 10. DMARC anza na p=none ukiwa na anwani ya kupokelea ripoti, zisome, ndipo upande hadi quarantine (barua zisizopita ziende kwenye spamu).

Akaunti mpya inaanzia kwenye eneo la majaribio: barua 200 kwa saa 24, moja kwa sekunde, na unatuma kwa anwani ulizothibitisha kwenye SES tu. Ukimtumia mwingine unapata 554 Message rejected. Kutoka humo unaandika ombi. Maelezo ya "tunatuma barua za biashara" hayatoshi. Eleza anwani mnazipata wapi, nani anapokea nini, mnafanya nini barua ikirudi, na bandika mfano wa barua moja kamili.

Upande wa Laravel, usitume barua ndani ya ombi la ukurasa. Karani akibonyeza Hifadhi anataka namba ya stakabadhi palepale, foleni ya magunia inamsubiri nje. Hawezi kukaa anaangalia duara likizunguka kwa sababu seva ya barua imechelewa kujibu. Weka kwenye foleni, ambayo kazi zake zinafanywa na programu nyingine nyuma ya pazia (mtendaji wa foleni), na hapo jihadhari na mambo mawili. Kwanza, ukiingiza kazi kwenye foleni ukiwa bado ndani ya muamala wa hifadhidata, mtendaji wa foleni anaweza kuidaka kabla muamala haujakamilika, akatafuta stakabadhi asiione. Kosa linatokea mara moja moja tu, hasa seva ikiwa na kazi nyingi, kwa hiyo kwenye majaribio hulioni. Tumia afterCommit, ili kazi iingie kwenye foleni muamala ukishakamilika. La pili ni retry_after, muda ambao foleni inasubiri kabla ya kutoa kazi ileile tena. Kwa kawaida ni sekunde 90. Kazi ya kutengeneza PDF kubwa na kuituma ikizidi muda huo, foleni inadhani imekufa na kumpa mtendaji mwingine, mnunuzi anapata ankara mbili. Mnunuzi mwenye ankara mbili atakupigia simu, tena kwa haki. Hakikisha timeout (muda wa juu wa kazi moja) ni ndogo kuliko retry_after, na kutengeneza PDF iwe kazi tofauti na kutuma.

Ukibadilisha .env (faili la mipangilio) usisahau config:cache, kisha queue:restart, maana mtendaji wa foleni anashikilia mipangilio ya zamani kwenye kumbukumbu. Ukiona 454 Throttling failure umezidi kasi uliyopewa: punguza mwendo, usiongeze majaribio.

Barua zinazorudi ndiyo sehemu ya kukosesha usingizi. Zikifika asilimia 5 akaunti inawekwa chini ya uangalizi, asilimia 10 unaweza kusimamishwa. Malalamiko ya spamu mipaka yake ni asilimia 0.1 na 0.5. Na anwani zetu nyingi zimeandikwa kwa mkono kwenye daftari kabla ya kuingizwa: gmial.com, gmail.con, yahoo.co. Kagua domeini kama ina rekodi ya MX wakati karani anaingiza, na umwulize "ulimaanisha gmail.com?" kabla ya kuhifadhi. Taarifa za barua zilizorudi zipokee kupitia SNS, huduma ya Amazon ya kutuma taarifa kwenye mfumo wako. Ukishaunganisha, SNS inatuma kwanza ujumbe wenye SubscribeURL ambao lazima uufungue, vinginevyo hupati kitu. Anwani ambayo barua yake imerudi kwa sababu ya kudumu ifunge kwenye hifadhidata yako pia, usiitegemee orodha ya SES ya anwani zilizozuiwa peke yake.

Kuna anwani nyingine hazirudi kamwe na hazisomwi kamwe: zile zilizofunguliwa na muuza simu dukani siku ya kununua. Mwenye simu hajui hata nenosiri. Kwa mkulima tuma SMS, barua pepe waachie viongozi, mabenki na wanunuzi.

Kwenye fomu ya mawasiliano ya tovuti, From iwe ya domeini yako siku zote, anwani ya mgeni iende Reply-To. Ukiweka gmail.com ya mgeni kwenye From, SES haitaikubali kwa kuwa haijathibitishwa, na hata huduma inayoikubali itakwama kwenye DMARC. Saa nayo iangalie: Laravel inaanza na UTC, mnada wa saa nane mchana unaandikwa 11:00 kwenye barua na mtu anafika saa tano asubuhi. Weka Africa/Dar_es_Salaam kwenye kuonyesha, hifadhidata iache UTC.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano naizuia kwa sababu SES ya kawaida, bila kuwasha vipengele vya ziada vya kulipia, haikuwekei nakala ya ulichotuma wala orodha ya nani kapokea nini. Mhasibu akisema "ankara haijafika", hakuna ukurasa wa kufungua ukamwonyesha. Hifadhi mwenyewe MessageId (namba ya utambulisho ya barua) kila barua inapotoka, iunganishe na matukio ya Delivery na Bounce yanayokuja kupitia SNS, na uweke safu moja kwenye skrini ya karani inayoonyesha saa ambayo seva ya mpokeaji iliipokea.